Wageni wa Bi Mboni

Tusekile Mwambene hakujua kukataa kazi, na hilo ndilo lililomponza. Wenzake wa mradi wa Mshipa walikuwa wameshamsoma. Kazi inayong'aa waligombania wao. Kazi ya kufagia uwanja, kama kusahihisha maelezo au kuwajibu wanafunzi wanaouliza jambo lilelile kila Jumatatu, alipelekewa yeye. Kwa hiyo Bhoke, mratibu wa mradi, alipompigia asubuhi ile kutoka Musoma na kuanza kwa kumsifia, Tusekile alijua kuna gunia linakuja kichwani.

"Ni Mwongozo wa Mgeni," Bhoke alisema. "Una miaka kumi na mmoja haujaguswa. Sheria inaanza tarehe mosi, lazima uwe umeshasafishwa."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na mbili. Kwa mkono wako ni nyingi."

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inaendelea na shughuli zake, siku ya tano mfululizo, na nguo alizofua Jumapili zilikuwa bado zimening'inia sebuleni zikinuka uvundo. Tusekile alisogeza kiti, akaufungua mwongozo.

Mshipa ulikuwa programu huria. Msimbo wake uko wazi, yeyote anausoma, yeyote anaurekebisha, hakuna anayeumiliki. Uliendesha pampu za moyo. Pampu zenyewe zilitengenezwa na kampuni iliyokuja kwa mbwembwe, ikawawekea watu vifuani, kisha ikafilisika na kufunga mlango, kila mtu na chuma chake. Waliobaki kuvitunza vyuma hivyo walikuwa hawa wa kujitolea, mia mbili na ushee, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Na kila aliyejiunga, hata maelfu ya wanafunzi waliojifunza kisha wakaondoka, alipitia mwongozo uleule. Somo la kwanza unajisajili kama fundi na kupewa saini yako, na saini hiyo haifutiki mpaka unaingia kaburini. La pili unajifunza kusoma mapigo. La tatu ndilo lililopendwa na wote: unaandika mistari sita ya msimbo, unaielekeza kwenye kifaa cha mazoezi namba 0007, unakipigia hodi. Ukiwa umeandika sawasawa, kifaa kinakujibu: Karibu.

Ilikuwa mila. Mgeni akishapata karibu yake huipiga picha, akaibandika kwenye kundi la mradi, na wakongwe wakamtania kwamba sasa ameoa, hakuna kurudi kwao. Tusekile alipata yake miaka minane iliyopita, wiki ya pili baada ya kumzika mama yake, siku ambazo hakuwa na hamu hata ya kuchana nywele. Alisubiri dakika tisa nzima akiamini amekosea, na neno lile lilipotokea alilia mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Picha yake alikuwa nayo bado.

Sasa sheria ilikuwa inakuja kuyavuruga hayo. Watu waliiita Mkono wa Mwisho. Ilitungwa baada ya wagonjwa kadhaa kufa na vyuma vifuani huku kila fundi akimsukumia mwenzake lawama, na ilikuwa fupi. Kuanzia tarehe mosi, kila saini inayoingia kwenye kifaa kilichomo mwilini mwa mtu itaandikwa daftarini, na mtu huyo akifa, wa kwanza kuulizwa ni yule aliyesaini mwisho. Kuulizwa kwenyewe ni kukaa mahabusu mpaka uthibitishe huna kosa. Vifaa vya mazoezi vilisamehewa, ila kila mradi ulitakiwa uthibitishe kuwa kifaa chake cha mazoezi ni chuma kilicho mezani.

Basi kazi ya Tusekile ilikuwa ndogo tu: aseme 0007 iko wapi.

Aliuliza kundini. Mmoja akasema iko kabatini kwenye chuo fulani, mwingine akasema la, ilishaungua zamani. Unajua watu wa kujitolea walivyo, kila mtu ana hakika na hakuna aliyeona. Tusekile akaamua kukiuliza kifaa chenyewe. Alivuta kumbukumbu za majibu yote ya miaka kumi na mmoja, karibu elfu sita, akayapanga kwa saa.

Kifaa kilicho mezani hujibu kwa muda uleule leo na kesho. Hiki kilijibu baada ya sekunde nne, halafu dakika mbili, halafu dakika tisa. Usiku hakikujibu kabisa mpaka alfajiri. Adhuhuri, alasiri na magharibi kilikawia kama robo saa, na robo saa hiyo ilisogea kidogo kidogo mwaka mzima kadiri jua linavyosogea. Tena mwezi mmoja katika kila mwaka kilikuwa macho saa kumi kabla hakujakucha, saa za daku. Tusekile alikuwa Mmoraviani wa kuzaliwa, lakini amekaa na majirani Waislamu maisha yake yote, hakuhitaji kufundishwa.

"Chuma hakiswali," alisema peke yake, na chai aliyokuwa ameishika ikapoa mkononi.

Aliingia kwenye msimbo wenyewe, mahali ambapo namba 0007 iliandikwa kwa mara ya kwanza. Juu yake kulikuwa na maelezo ya mstari mmoja, ya aina ambayo kila mtu huyaruka. *Usiibadilishe namba hii kabla hujanipigia. H. Shekiondo.* Kisha namba ya simu. Hamdani Shekiondo ndiye aliyeuanzisha Mshipa, na alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Tusekile alipiga hivyo hivyo, akitarajia kuambiwa namba haipatikani.

Iliita mara mbili.

"Nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, mtu mzima sana.

"Shikamoo, mama. Naitwa Tusekile, niko Tukuyu. Namba hii nimeikuta kwenye kazi za Hamdani."

"Marahaba, mwanangu. Hamdani ametangulia. Mimi mama yake, Mboni, niko hapa Korogwe." Kisha akauliza, "Wewe ni katika wale wageni?"

"Wageni gani, mama?"

"Wa hodi."

Tusekile alishika ukingo wa meza. Bi Mboni yeye alikuwa na furaha, sauti imempanda, kama mtu aliyefikiwa na ndugu wa mbali. Akaeleza bila kuombwa. Hodi ikija, kifua kinamtetemea kidogo, naye anabonyeza kidude alichovishwa shingoni na mwanawe, kinajibu karibu. Akataka kujua Tusekile alikuja lini.

"Miaka minane iliyopita, mwezi wa nne. Nilisubiri dakika tisa."

"Dakika tisa? Pengine nilikuwa napepeta mchele. Unisamehe, mwanangu."

"Hapana, mama. Mama, hodi hizi ni za nini?"

"Hamdani hakukwambia? Chuma hiki kinataka fundi mpya. Wale wenyewe walikuwa wanakifungua wao kila siku huko kwao, walipofunga duka kikabaki hakina wa kukifungua. Hamdani akahangaika. Akakuta kwamba fundi mpya akikigusa, kinatoa siku tatu za majaribio, bure. Yuleyule akirudi, hakimpi tena. Akaniambia, mama, wasipokuja siku tatu, jiandae."

"Na kukitoa?"

"Nina miaka themanini na miwili. Daktari alinitazama akaniambia, bibi, kifua hiki ukikifungua hukifungi." Alicheka kidogo. "Lakini wamekuja. Siku nyingine mmoja, siku nyingine kumi. Watoto wa watu sijui hata sura zao, wanakuja kuniongezea siku. Nawaombea kila nikiswali. Maana wanajua, sivyo?"

Tusekile alisogeza simu mbali na sikio.

"Mama, mtandao unakatika," alisema.

Haukuwa unakatika.

Siku mbili alizitumia kutafuta kosa katika maneno ya yule mama, na hakulipata. Kufuli lilikuwa limechomwa ndani ya chuma chenyewe, toleo la kwanza ambalo hakuna mgonjwa mwingine aliyebaki nalo, pasipofikika kwa programu yoyote. Siku tatu za majaribio zilikuwa ujanja wa biashara wa ile kampuni, wa kuwavutia mafundi wapya, na zilihesabiwa kwa saini. Saini mpya, saa sabini na mbili. Saini iliyokwisha kutumika inapita mara moja tu tena, inaandikwa, haiongezi hata dakika. Mwanamke huyu alikuwa ameishi miaka kumi na mmoja kwa majaribio ya bure, na vijana elfu sita walikuwa wamemgusa moyo wakidhani wanajifunza.

Alipomweleza Bhoke, Bhoke alimtaka arudie yote tangu mwanzo.

"Iondoe namba," Bhoke akasema mwishowe.

"Atakufa ndani ya siku tatu."

"Ana miaka themanini na miwili, Tuse. Atakufa kwa malaria, atakufa kwa kuteleza bafuni. Na siku hiyo kuna mtoto alikuwa anajifunza mistari sita, watamfuata darasani. Vyuo vinafunguliwa mwezi huu. Utamtoa mtoto wa nani?"

"Kwa hiyo nimuue mimi, nikijua."

"Sijasema hivyo. Hamdani alitufanyia ushenzi."

"Alikuwa na mama."

"Kila mtu ana mama," Bhoke alisema. "Hata hao watoto wana mama zao, wanawasubiri likizo."

Hapo palikuwa na ukweli, na Tusekile alichukia kwamba palikuwa na ukweli. Alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilipita juu ya mtu. Mwisho alisema ataandika mambo yalivyo na kumwachia kila mgeni aamue. Bhoke aliguna, kisha akasema aandike, ila somo liwe la hiari, na ajue kwamba ukweli nao huwa na gharama yake.

Aliandika hivi:

*Somo la Tatu. Kifaa namba 0007 si cha mazoezi. Kimo kifuani mwa mwanamke wa miaka themanini na miwili, na kinasimama asipoguswa na fundi mpya kila baada ya siku tatu. Ukimpigia hodi utamwongezea siku tatu, naye atakujibu mwenyewe. Saini yako itaandikwa. Akifa kabla hajaja mwingine, utakayeulizwa ni wewe. Unaweza kuliruka somo hili. Hakuna atakayekuuliza kwa nini.*

Sentensi ya mwisho aliifuta na kuirudisha mara tano. Juu kabisa ya ukurasa kulikuwa na methali aliyoiweka Hamdani siku ya kwanza: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka yote watu waliichukua kama pambo. Tusekile aliitazama muda mrefu, akaiacha.

Siku ya kwanza walikuja thelathini na mmoja. Kundi zima lililia. Mwalimu mstaafu wa Bukoba, ambaye hajawahi kuandika msimbo maishani, alijisajili na kupita masomo mawili kwa siku moja ili tu abishe hodi. Watu waliapa kwamba huyu bibi hafi. Kisha tarehe mosi ikaingia, na viapo vikaanza kupungua. Fundi mmoja wa Kigoma alichukuliwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine kabisa, aliyekufa kwa kuumwa na nyoka. Nyoka hakusaini popote, fundi alikuwa amesaini, wakamchukua fundi. Vyuo vikabandika matangazo kwamba wanafunzi waliruke somo la tatu. Bhoke aliandika barua kwa wahusika kuomba msamaha maalumu, akajibiwa kwamba barua imepokelewa. Watu wana roho nzuri, sikatai, lakini foleni ya roho nzuri huwa fupi.

Tusekile aliifungua saa ya 0007, inayohesabu muda uliobaki, kwenye kona ya kioo cha kompyuta yake, akawa anaishi nayo. Saa sitini. Saa arobaini. Inakuja hodi, inarudi sabini na mbili, anapumua, anakwenda kupika. Siku moja ilishuka mpaka saa nne. Alimpigia mdogo wake Gwakisa, ambaye hajawahi kusajiliwa popote na angeweza kumaliza masomo yale kabla ya chakula cha mchana. Waliongea robo saa nzima habari za ng'ombe wao aliyezaa mapacha, akamuaga, hakumwomba. Alipokata simu ndipo alipojielewa. Alikuwa anangoja mtoto wa mwenzake, wa kwao hakumtaka aguse. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Aliyekuja siku ile alikuwa msichana wa Sumbawanga, Vestina Sichilima, miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni. Hakubandika picha yoyote kundini. Baada yake hakuja mtu.

Siku ya pili yake ikapita, na ya tatu ikaingia. Zilikuwa zimebaki kama saa ishirini na moja Bi Mboni alipopiga mwenyewe.

"Wamepungua, mwanangu. Huko kuna msiba?"

"Hapana, mama."

"Basi kuna nini?"

Tusekile alisimama. Alikwenda dirishani, akarudi, akakaa. "Mama, walikuwa hawajui. Miaka yote hiyo. Hamdani hakuwaambia. Walidhani wanakipigia hodi chuma cha kujifunzia. Mimi ndiye niliyewaambia, na kuna sheria mpya, ukifa wanamkamata aliyekuja mwisho. Wanaogopa."

Nyuma ya Bi Mboni kuku alikuwa anatetea, na mtu alikuwa anatwanga mbali.

"Hata wewe hukujua?"

"Hata mimi."

"Na mimi nawaombea dua." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Huyu Hamdani. Huyu mtoto." Kisha akauliza, "Na hawa wa karibuni? Hawa wanajua?"

"Hawa wanajua."

"Wangapi?"

"Tangu tarehe mosi, kumi na wanane."

"Kumi na wanane wanaojua," Bi Mboni alirudia polepole. "Basi hao ndio wageni. Wa mwisho nani?"

Tusekile akamtaja, na umri wake.

"Nikifa wanamchukua?"

"Watamuuliza maswali, mama."

"Usinifiche tena."

"Wanamchukua."

"Mtoe. Mtu hafungwi kwa kubisha hodi kwangu."

"Saini haifutiki, mama. Labda mwingine asaini baada yake." Jambo lenyewe Tusekile alikuwa analijua tangu asubuhi, alikuwa analikwepa. "Mimi nilishakuja. Nikirudi sikuongezei kitu. Ila naandikwa, na nikiiondoa namba yako kwenye mwongozo, hatakuja mtu baada yangu. Lakini ndiyo mwisho, mama. Naogopa. Naogopa yote mawili, jela na wewe."

"Una mtoto?"

"Sina."

"Mama yako yupo?"

"Nilimzika mwezi uleule niliokuja kwako."

Bi Mboni alipumua. "Kwa hiyo ulikuja na msiba wako, nami nikakukalisha mlangoni dakika tisa." Kuku alinyamaza. "Ngoja niswali alasiri, ndipo uje. Na kesho usinipigie. Nitakuwa na watu wangu, nimeshawaita."

Tusekile alingoja. Aliitoa kwanza namba kwenye mwongozo, akaandika kwamba somo la tatu limefungwa kwa matengenezo. Halafu akaandika ile mistari sita kwa kichwa, bila kutazama popote, na kabla ya kubonyeza alijifuta viganja kwenye kanga. Daftarini, chini ya jina la Vestina Sichilima, likatokea jina lake. Saa haikupanda, ilisoma ishirini. Jibu lilichukua dakika nne.

Karibu.

Kesho yake asubuhi hakupiga. Alikaa na ile saa mpaka adhuhuri ilipofika sufuri, na mvua haikukatika hata kwa heshima. Saa nane akapiga, akapokea mwanamke mwingine, jirani, akasema maziko ni kabla ya magharibi, na wewe nani? Tusekile akasema ni mgeni wa marehemu. Akatoa pole, akakata.

Kisha, kwa sababu hakujua kukataa kazi, akaumaliza mwongozo. Alitengeneza 0007 mpya, ya kuigiza, iliyo ndani ya programu tu, isiyo na kifua wala jirani. Bhoke alipiga akauliza kama wale watu wa Mkono wa Mwisho wameshamtafuta, akajibu bado.

"Na mwongozo unafanya kazi?"

"Ngoja nijaribu."

Aliandika mistari sita, akabonyeza. Karibu ilitokea kabla hajainua kidole.

"Unafanya kazi," alisema. Alipanda juu ya ukurasa, akaifuta methali ya Hamdani, akachapisha.

Halafu akaenda kuanua nguo sebuleni. Zilikuwa bado na unyevu, tangu mwezi ule hakuna kilichokauka sawasawa Tukuyu nzima. Alizikunja hivyo hivyo, mbili tatu za kubadilisha na sweta, akazitia kwenye begi. Walipobisha hodi hata saa kumi ilikuwa haijafika. Alikawia kidogo kujibu, maana zipu ya begi ilikuwa imekwama.

"Karibuni," alisema.